Sisti Inayorudi: Kabla ya Kisu, Uliza ni ya Aina Gani

Ovari ya kulia, sisti ya sentimita 4. Mstari huo mmoja katika karatasi ya altrasaundi unatosha kuinyima usingizi nyumba nzima. Mama anawaza saratani. Shangazi anauliza kama mtoto ataweza kuzaa. Jirani anamjua mtu wa Mtongwe aliyetolewa ovari nzima. Na mwenye tumbo lake, tuseme ni msichana wa miaka 22 anayeishi Timbwani, Likoni, na kuvuka feri kila asubuhi kwenda kazini kisiwani Mombasa, ana swali ambalo hajapata wa kumjibu: mwaka jana niliambiwa hivi hivi, nikameza dawa, picha ya pili ikaonyesha hakuna kitu, mbona imerudi?

Swali lake ndilo hasa la kuulizwa, na majibu yake ni zaidi ya moja. Mfuko wenye majimaji ndani ya ovari unaweza kuwa ni kazi ya kawaida ya mwili. Unaweza kuwa umetokana na chembe za mayai zilizoanza kujigawa zenyewe. Unaweza kuwa umejaa damu ya zamani ya endometriosisi. Wa kwanza huondoka wenyewe. Wa pili hauondoki hata umeze dawa mwaka mzima. Wa tatu ukikatwa bila mpango hurudi, na kila mara kisu kinapopita huondoka na mayai. Ninaloliona mimi ni kwamba wasichana wengi wa pwani yetu wanatibiwa sisti kabla mtu hajauliza ni sisti gani, na hapo ndipo mateso yao yanapoanzia.

Tuanze na ovari yenyewe. Ziko mbili, moja kila upande wa kizazi, urefu wake kiasi cha sentimita 3, na ndani yake mmewekwa mayai yote ambayo mwanamke atakuwa nayo maishani. Kila mwezi vifuko kadhaa vya mayai huanza kukua, kimoja kikavipita vingine, kikajaa maji hadi kufikia sentimita 2 au zaidi kidogo, kisha kikapasuka na yai likatoka. Hilo hutokea kama wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Kifuko kilichopasuka hugeuka tezi ndogo ya manjano inayotoa homoni ya kuandalia mimba, na mimba isipotunga, tezi hiyo hunywea na hedhi huja.

Kwa hiyo mwanamke kijana mwenye afya hutengeneza kifuko cha maji takriban kila mwezi, na asipofanya hivyo ndipo pa kuuliza. Mara nyingine kifuko hicho hakipasuki siku yake ikifika, kinaendelea kujaa mpaka sentimita 4, 5, hata 7. Mara nyingine kimepasuka vizuri lakini ile tezi ya manjano inavujia damu ndani yake, ikavimba na kuuma upande mmoja kwa siku kadhaa. Hizi ndizo sisti zinazoonekana zaidi kwa wasichana, na nyingi hunywea zenyewe katika muda wa wiki sita hadi miezi mitatu, umeze kitu au usimeze.

Ukishalijua hilo, kule "kurudi" kunaanza kueleweka. Sisti ya Machi iliyokuwa kulia ikaisha, na sisti ya Novemba iliyoko kushoto, ni mbili tofauti, kila moja imezaliwa na mwezi wake. Wataalamu wa picha wamekubaliana pia kwamba kifuko kilicho chini ya sentimita 3 kwa mwanamke anayeona hedhi kisiitwe sisti kabisa. Ni yai linalongoja zamu. Msichana akipigwa picha siku ya 12 tangu hedhi yake ianze, kifuko cha sentimita 2.3 kinatarajiwa kuonekana, na kama aliyeandika ripoti hakuuliza tarehe ya hedhi, msichana anatoka pale na ugonjwa ambao hakuingia nao.

Tarehe, basi, ni sehemu ya kipimo. Picha ya kurudia hupigwa vyema kati ya siku ya 3 na ya 10 tangu hedhi ianze, wakati vifuko vipya vingali vidogo, na iwe imepita wiki 6 hadi 12 tangu picha ya kwanza. Anayerudia baada ya wiki mbili kwa sababu roho haitulii ataikuta sisti ile ile, atazidi kuogopa, na pesa zitakuwa zimekwenda. Katika mwongozo wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Uzazi cha Uingereza wa mwaka 2011, sisti ya maji matupu iliyo chini ya sentimita 5 kwa mwanamke ambaye hajakoma hedhi kwa kawaida haihitaji kufuatiliwa. Ya sentimita 5 hadi 7 hupigwa picha kila mwaka. Inayozidi hapo huangaliwa kwa vipimo zaidi au upasuaji. Rudi sasa kwenye ule mstari wa mwanzo. Sentimita 4, ikiwa ni maji matupu. Nyumba nzima ingeweza kulala.

Lakini maji matupu ni neno la kuthibitishwa, na hapo ndipo mashine ya altrasaundi inapobeba mzigo wote. Asili ya mashine hii ni hadithi ambayo watu wa bandari wataielewa upesi. Glasgow, huko Scotland, ulikuwa mji wa kuunda meli. Tarehe 21 Julai 1955 Ian Donald, profesa wa ukunga wa Chuo Kikuu cha Glasgow, alipeleka katika kiwanda cha Babcock & Wilcox kule Renfrew uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa, ukiwemo wa faibroidi na wa sisti za ovari. Mafundi wa kiwanda walikuwa na chombo cha kupeleka mawimbi ya sauti ndani ya chuma na kupokea mwangwi wake, ili wagundue nyufa ambazo jicho halizioni. Donald alitaka kujua kama mwangwi wa uvimbe wa nyama na wa uvimbe wa maji ungetofautiana. Ukatofautiana, tena waziwazi. Tarehe 7 Juni 1958 yeye, daktari John MacVicar na mhandisi Tom Brown wakachapisha kazi yao katika jarida la The Lancet. Miongoni mwa wagonjwa wao alikuwemo mwanamke aliyedhaniwa ana saratani ya tumbo iliyokwisha kupita kiwango cha kutibiwa. Mashine ikaonyesha sisti kubwa ya ovari. Ikatolewa, akapona.

Tumeizoea altrasaundi kwa sababu ya wajawazito na picha za watoto, lakini tangu siku zake za mwanzo ilijulikana kwa kutenganisha uvimbe na uvimbe, na kazi hiyo ndiyo tunayopaswa kuidai kwenye kila ripoti. Ripoti inayosema "sisti ya ovari" na kuishia hapo haijamaliza kazi. Yafaa itaje upande, vipimo vitatu vya urefu, upana na kina, tarehe ya hedhi ya mwisho, na muhimu kuliko yote, sura ya ndani. Je, ukuta ni mwembamba na laini? Kuna vyumba vingapi? Kuna sehemu ya nyama ndani yake? Damu inapita humo? Kuna maji yaliyozagaa tumboni? Mwaka 2008 kundi la watafiti wa kimataifa linaloitwa IOTA lilitoa kanuni nyepesi za kujibia maswali hayo. Chumba kimoja chenye maji, au kivuli kinachotupwa na mafuta na nywele, au kutokuwepo kwa mtiririko wa damu, ni dalili za heri. Nyama yenye umbo lisilo na mpangilio, vinundu vinne au zaidi vinavyochomoza ndani ya sisti, damu nyingi ndani ya uvimbe, maji tumboni, hizo ni za kumkimbiza mgonjwa kwa daktari bingwa. Kanuni hizi hazitaki mashine ya ajabu. Zinataka mtu aliyefundishwa kuangalia, na muda wa kuangalia.

Kuna jambo linalowakwaza wasichana wengi wa kwetu ambalo wahudumu wengine hulipita haraka mno. Picha iliyo wazi zaidi ya ovari hupigwa kwa kifaa kinachoingizwa ukeni, na kwa msichana bikira hilo halifanywi. Hupigwa juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa, maana mkojo ndio unaoyapitisha mawimbi hadi kwenye ovari. Picha hiyo inatosha kwa maswali mengi. Mama asimkataze binti kwenda kupimwa kwa hofu ya ubikira. Amwambie mhudumu mapema, na binti anywe maji ya kutosha saa moja kabla. Mhudumu naye akitaka kuuliza kama kuna uwezekano wa mimba, amuulize msichana faragha, si mbele ya mama na shangazi. Swali hilo haliepukiki. Mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kuonekana kama sisti pembeni mwa ovari, na inaua. Kipimo cha mimba huja kabla ya lolote jingine, kwa kila mwanamke aliye katika umri wa kuona hedhi.

Tuseme imethibitika kuwa ni sisti ya maji. Kinachofuata mara nyingi huanzia kemisti: antibiotiki za siku saba, sindano mbili tatu, na vidonge vya mpango wa uzazi vya "kuyeyusha". Antibiotiki hutibu maambukizi, na sisti ya maji si maambukizi. Vidonge navyo vimepimwa. Daktari David Grimes na wenzake walikusanya majaribio 8 yaliyohusisha wanawake 686 na mwaka 2014 wakatoa toleo la karibuni la uchambuzi wao katika mkusanyiko wa Cochrane: vidonge vya uzazi wa mpango haviharakishi kuondoka kwa sisti za namna hii. Waliomeza na waliongoja walifika karibu pamoja. Ndiyo maana yule msichana wetu aliamini kwamba dawa ya mwaka jana ilimponya. Dawa ilikuwepo wakati sisti inaondoka, basi.

Vidonge hivyo hivyo vina kazi nyingine, na tusivitupe. Kwa mwanamke ambaye sisti za damu zinamrudia na kumlaza kitandani kila baada ya miezi michache, vidonge vyenye homoni mbili huizuia ovari isikuze yai, na yai lisipokua hakuna kifuko cha kuvimba. Haviyeyushi ya leo, vinapunguza ya kesho. Kwa binti ambaye hajaolewa hili huleta mzozo nyumbani, kwa kuwa vidonge vinajulikana kwa kazi moja tu. Familia inayotaka kumuuliza sheikh ina haki ya kuuliza, ila swali lifikishwe kama lilivyo: binti ana maradhi ya ovari, na daktari amemwandikia dawa ya kuituliza. Kwa upande wa daktari, naye aulize kuhusu shinikizo la damu, kipandauso chenye kuona vimulimuli, na historia ya damu kuganda kabla ya kuandika, kwa sababu si kila mtu anafaa kuvimeza.

Sisti za maji zikirudi mno, daktari makini huulizia mambo ambayo mgonjwa hadhani yanahusika. Ana kijiti mkononi, au koili yenye homoni? Hizo huiacha ovari ikikuza vifuko huku kupasuka kwake kukikawia, na sisti zinazotokea mara nyingi haziumi na huisha bila kukitoa kijiti. Anatumia P2 mara kwa mara? Kidonge hicho cha dharura hufanya kazi kwa kuchelewesha yai, hivyo daktari ajue. Amekuwa akimeza vidonge vya kuchochea mayai alivyonunua mwenyewe kwa sababu mimba haiji? Hivyo vinaweza kuzivimbisha ovari zote mbili. Na tezi ya shingo ikilegea kwa muda mrefu, homoni inayopanda kuiamsha inaweza kuichochea ovari pia. Kipimo kimoja cha damu kinalimaliza swali hilo, na mgonjwa akipewa dawa ya tezi, ovari hutulia bila kuguswa.

Niseme kidogo juu ya wale walioambiwa wana "sisti nyingi ndogo ndogo" pande zote mbili, hedhi inakuja baada ya miezi miwili au mitatu, na ndevu zimeanza kuota kidevuni. Hali yao ni nyingine. Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago waliieleza mwaka 1935, nayo hujulikana kwa kifupi kama PCOS. Vile vidogo si sisti kwa maana tunayoizungumzia. Ni vifuko vya milimita 2 hadi 9 vilivyoanza kukua vikasimama njiani kwa sababu homoni zimevurugika. Hakuna cha kukata. Tiba yake iko katika homoni, sukari, uzito na mpangilio wa hedhi, na aliyepelekwa kupasuliwa kwa ajili yake anahitaji maoni ya daktari wa pili kabla ya siku hiyo.

Ile ya aina ya pili, sisti ya dermoidi, haina uhusiano wowote na mwezi. Hutokana na chembe za mayai zilizoanza kujigawa zenyewe bila mbegu ya mwanamume, nazo zina uwezo wa kutengeneza karibu kila kitu cha mwili. Daktari akiipasua hukuta mafuta mazito, nywele, wakati mwingine meno. Nimesikia watu wakisema huo ni uchawi, ama mtoto aliyefungwa tumboni na jini. Namhurumia msichana anayebebeshwa maneno hayo, kwa kuwa sisti hii ni ya kawaida kabisa kwa vijana, huwapata mabikira na walioolewa sawasawa, na hukua polepole mno, chini ya milimita 2 kwa mwaka kwa wastani. Haiyeyuki kwa kidonge wala kwa mzizi. Ikiwa ndogo na haiumi inaweza kuangaliwa kila mwaka. Ikiwa kubwa hutolewa kwa kuimenya kutoka kwenye ovari na kuiacha ovari mahali pake. Kwa wagonjwa kama 10 hadi 15 katika kila 100 huwa iko pande zote mbili, hivyo iliyoonekana upande wa pili baadaye huenda ilikuwepo siku zote, ndogo mno kuonekana. Zipo pia sisti za ukuta wa ovari zenye maji mepesi au ute, ambazo zinaweza kukua mpaka watu wakadhani ni mimba. Hizo nazo hutolewa.

Inayonisumbua zaidi ni ya endometriosisi. Tishu inayofanana na ngozi ya ndani ya kizazi huota mahali pasipo pake: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo. Kila mwezi inavimba na kuvuja kama hedhi, lakini damu haina pa kutokea. Ndani ya ovari damu hiyo hujikusanya miezi na miaka, ikawa nzito, ya rangi ya kahawia iliyokolea, na ndiyo maana madaktari huiita sisti ya chokoleti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba endometriosisi inawapata kama asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, yaani karibu watu milioni 190.

Pwani, maumivu ya namna hii yana njia yake iliyokwisha kuchongwa. Msichana akilala chini siku za mwezi, wazee husema ni chango, na ataletewa mizizi ya kuchemsha. Maumivu yakizidi atakandwa tumbo. Yakizidi zaidi ataenda zahanati na kuambiwa ana maambukizi ya via vya uzazi, atapewa antibiotiki, zitaisha, na mwezi ujao atarudi palepale. Siwabezi bibi zetu. Wao angalau waliamini kwamba mtoto anaumwa, jambo ambalo shule na waajiri wengi hawaliamini. Lakini tumbo lenye sisti kubwa halikandwi, maana sisti inayobonyezwa kwa nguvu inaweza kupasuka kwa ndani. Na maumivu ya hedhi yanayomkosesha binti shule kila mwezi si ya kuvumiliwa kwa sababu mama naye aliyavumilia.

Wauguzi na madaktari nao walifundishwa vibaya kwa muda mrefu. Katika sehemu kubwa ya karne iliyopita vitabu vya udaktari viliitaja endometriosisi kama maradhi ya wanawake wa kizungu wenye uwezo. Mwaka 1976 daktari Donald Chatman wa Chicago aliwaangalia kwa kamera ya tumboni wanawake weusi waliokuwa wameandikiwa maambukizi ya nyonga. Zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na endometriosisi. Nusu karne imepita, na antibiotiki za kila mwezi bado zinaandikwa. Mtangazaji Mary Njambi Koikai, ambaye Wakenya walimpenda kwa jina la Fyah Mummah Jahmby, aliishi na maradhi haya tangu ujana, yakafika mpaka kifuani na kuyaathiri mapafu, akapasuliwa mara nyingi hapa na Marekani, na hakuacha kuyasema hadharani mpaka alipofariki tarehe 3 Juni 2024. Sauti yake iliwafanya wasichana wengi wa nchi hii walitamke jina la ugonjwa wao kwa mara ya kwanza mbele ya daktari.

Sisti ya chokoleti ndiyo inayorudi kwa maana halisi ya kurudi. Katika tafiti zilizofuatilia waliopasuliwa, endometriosisi iliwarudia takriban mmoja katika watano ndani ya miaka miwili, na karibu nusu ndani ya miaka mitano. Ukuta wa sisti hii umegandana na ovari, haumenyeki vizuri kama ule wa dermoidi, kwa hiyo anayeutoa hutoka na tabaka la ovari lenye mayai. Akapasuliwa mara ya pili, mayai mengine. Mara ya tatu, na msichana wa miaka 27 anaweza kubaki na ovari ya mwanamke wa miaka 40. Kuitoboa kwa sindano na kunyonya damu hakusaidii, kwa kuwa ukuta unabaki na kujaa tena. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya wa mwaka 2022 unaelekeza kwamba, ikibidi kupasua, ukuta utolewe kwa uangalifu, na mgonjwa ambaye hataki mimba wakati huo apewe tiba ya homoni ya muda mrefu baada ya upasuaji ili kuzuia isirudi. Hiyo homoni ya baadaye ndiyo inayosahauliwa zaidi. Mgonjwa anaruhusiwa, mshono unapona, hakuna aliyemwambia kwamba tiba ndiyo kwanza imeanza. Anayetarajia kuolewa na kuzaa azungumze na daktari kuhusu mayai yake kabla ya kisu cha kwanza. Kipo kipimo cha damu cha AMH kinachokadiria akiba iliyobaki.

Hofu ya saratani inawafanya watu wengi wakimbilie kukata, na hofu hiyo nayo ina takwimu za kuipima. Mwaka 2019 kundi la IOTA lilichapisha katika The Lancet Oncology ufuatiliaji wa miaka miwili wa wanawake 1,919 ambao uvimbe wao ulionekana wa heri kwenye altrasaundi na wakaachwa bila kupasuliwa. Kwa mmoja katika watano uvimbe ulitoweka wenyewe. Saratani ilionekana kwa asilimia 0.4, ovari kujisokota asilimia 0.4, sisti kupasuka asilimia 0.2. Kupasuliwa nako kuna hatari zake, na mara nyingi hazielezwi kwa namba. Kipimo cha CA-125, ambacho maabara nyingi hukiuza kama kipimo cha saratani ya ovari, kwa kijana hupotosha kuliko kinavyoelekeza, kwa kuwa hupanda kwa endometriosisi, faibroidi, maambukizi, kifua kikuu cha tumbo, hata hedhi yenyewe. Msichana mwenye uvimbe uliochanganyika na nyama anahitaji vipimo vingine, vya AFP, LDH na hCG, kwa sababu saratani chache zinazowapata wenye umri wake hutokana na chembe za mayai, na nyingi kati ya hizo hutibika hata kizazi kikabaki salama.

Ikifika siku ya upasuaji, mambo ya kuuliza ni machache na yana uzito. Inatolewa sisti peke yake au na ovari? Itafanywa kwa vitundu na kamera, ambako makovu ya ndani huwa machache na mgonjwa huinuka upesi, ama kwa kufungua tumbo? Na kilichotolewa kinapelekwa maabara gani kuchunguzwa kwa darubini? Hilo la mwisho lisipite. Bila jibu la maabara hakuna anayejua kwa hakika kilichokuwa ndani, na sisti ikionekana tena baada ya mwaka, daktari mpya ataanza kubahatisha upya. Mgonjwa aombe nakala ya jibu hilo na maelezo ya upasuaji, aziweke pamoja na picha zake zote.

Imebaki dharura, ambayo kwa mtu wa Timbwani ina jambo la ziada. Ovari yenye uzito wa sisti, hasa ya sentimita 5 kwenda juu, hujisokota kama embe zito linalozungushwa na upepo kwenye kikonyo chake, na damu ikakatika. Maumivu huja ghafla, upande mmoja, makali mno, pamoja na kutapika. Yanaweza kupoa kwa muda na kurudi. Hapo hakuna kungoja asubuhi. Mkono wa bahari unaotenganisha Likoni na kisiwa ni wa nusu kilomita hivi, lakini usiku wa manane kungoja feri, au kuzunguka Dongo Kundu, kunakula muda ambao ovari haina. Aanze Hospitali ya Likoni ili apimwe mimba na kupewa dawa ya maumivu, na aliyemsindikiza aulize moja kwa moja: je, ovari imejisokota, na kama hapa hakuna wa kupasua usiku huu, rufaa ya Hospitali Kuu ya Pwani inaandikwa saa ngapi? Asile chochote njiani.

Ovari iliyosokotwa hukutwa imevimba, ya zambarau, mara nyingine nyeusi kabisa, na kwa miaka mingi ilikatwa kwa kudhaniwa imekufa. Sasa inajulikana kwamba hupata damu kutoka pande mbili, mshipa wake wenyewe na tawi la mshipa wa kizazi, na hustahimili kuliko rangi yake inavyoonyesha. Mwaka 2019 Chuo cha Madaktari wa Uzazi cha Marekani kiliwaelekeza wanachama wake, kwa wasichana, waisokotoe na kuiacha hata kama inaonekana imeoza. Mzazi anayewekewa fomu ya ridhaa usiku huo aulize kama ovari itaachwa, na ikiwa jibu ni hapana, aelezwe sababu kabla hajatia sahihi. Zilizoachwa, zikipigwa picha miezi michache baadaye, nyingi huonekana zikikuza mayai.